Mtoto wa kwanza na udongo wa baba

Mazungumzo ya redio juu ya amani, Punia

 

Leo tutazungumza juu ya udongo ambao baba anauacha anapokufa, na juu ya watoto wanaume wanaobaki wakiutazama. Nimelichagua jambo hili kwa sababu moja. Jamaa nyingi zilizokimbia zinasema: "Vita vikiisha, tutarudi kwetu." Neno hilo ni zuri. Lakini vita vya bunduki vikinyamaza, mara nyingi panabaki vita vya ndugu na ndugu. Mtu anarudi kijijini, anakuta shamba la baba yake limelimwa na mwingine, au limeuzwa, na mkubwa wake anamwambia: "Wewe huna kitu hapa." Hapo ndipo panga linapoinuliwa. Na panga la ndugu linaweza kuchoma kijiji kizima, maana kila mmoja ana wajomba zake na rafiki zake.

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, mtu asijitafute ndani yake. Mzee mmoja alikuwa na watoto sita, wanaume wanne na wasichana wawili. Vita vilipofika, mtoto wa kwanza alibaki karibu na kijiji, akalala porini. Wa pili alikimbilia Kindu. Wa tatu alikwenda kuchimba kasitera. Wa nne alikuwa bado mdogo, mama yake akambeba mgongoni mpaka kwa wageni. Mzee akafa, mtoto wa kwanza akamzika. Miaka ikapita, wengine wakarudi. Mtoto wa kwanza akawaambia: "Udongo ni wangu. Mila ya babu inasema mtoto wa kwanza anarithi." Na kweli, alikuwa amekwisha kuuza sehemu moja kwa mfanya biashara.

Swali letu la leo ni hili: je, mila ya babu inasema hivyo?

1. Zamani udongo ulikuwa wa nani?

Katika pori letu hili la Maniema, kwa Wakumu, kwa Warega na kwa majirani zao, mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Na udongo ulikuwa wa ukoo. Mtu mmoja hakusema "udongo wangu" kama anavyosema "mkuki wangu". Alisema "udongo wetu", na katika "wetu" hiyo alihesabu babu waliozikwa, watu walio hai, na watoto ambao hawajazaliwa.

Kijana alipooa, baba au mkubwa wa ukoo alimwonyesha mahali pa kukata miti. Akafyeka, akachoma, akapanda ndizi, mihogo, mupunga. Shamba lile lilikuwa lake kwa jasho lake. Alipoliacha lipumzike, miti ikaota tena, watu waliendelea kukumbuka nani alikata pale mara ya kwanza. Mingazi na miti mingine aliyoipanda ilibaki yake, na baadaye ya watoto wake, hata kama kijiji kilihama pakabaki matongo tu. Mahali pa mitego na pa kuvua samaki palikuwa na wenyewe vilevile.

Sasa angalieni jambo hili. Baba alipokufa, udongo haukukatwa vipande vinne kwa wanaume wanne. Haukukatwa kwa sababu haukuwa wake peke yake. Kila mtoto alikuwa amekwisha kupata mahali pake siku alipooa, na pori lilikuwa kubwa. Kilichorithiwa kilikuwa miti iliyopandwa, vyombo, madeni ya mahari, malezi ya wajane na yatima, na nafasi ya kusema mbele ya watu kwa jina la nyumba ile.

Tena mtoto hakuwa na mlango mmoja. Kwa Warega, kwa mfano, ukoo wa mama ni kimbilio kubwa. Mtu aliyekosana na watu wa baba yake aliweza kwenda kwa wajomba, wakampa mahali pa kujenga na pa kulima. Kwa hiyo mwenzangu uliyepokelewa leo na watu wa mama yako, ujue kwamba hujaanzisha jambo jipya. Babu zako walipita njia hiyo.

2. Kazi ya mtoto wa kwanza

Basi mtoto wa kwanza alikuwa nani? Alikuwa mkubwa, na ukubwa ule haukuwa mchezo. Ndiye aliyeitwa ugomvi ulipotokea. Ndiye aliyejua mpaka unapita kwenye mti gani na kijito gani. Ndiye aliyewatafutia wadogo zake mahari, akawaonyesha mahali pa kulima. Katika jamaa nyingine, baba alipokufa, ukubwa ulikwenda kwanza kwa baba mdogo, na mtoto wa kwanza akangoja zamu yake.

Mkubwa aliyekula peke yake alipoteza ukubwa wake. Wadogo walihama na wake zao na watoto wao, wakajenga mahali pengine, naye akabaki na pori lisilo na watu. Zamani utajiri wa mzee ulihesabiwa kwa moshi wa nyumba zilizomzunguka.

Kwa hiyo mtu anaposema leo kwamba mila inampa mtoto wa kwanza udongo wote, auze anavyotaka, ninamjibu kwa heshima: hiyo si mila ya babu zetu. Mila ilimpa ufunguo wa nyumba, haikumpa ruhusa ya kuwafungia wadogo zake nje.

3. Ni nini kilichobadilika?

Ikiwa mila ilikuwa hivyo, ugomvi huu umetoka wapi? Umetoka katika mambo mengi yaliyofuatana.

La kwanza ni serikali ya wazungu. Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Leopold ilitangaza kwamba udongo usio na mtu ni wa Leta. Lakini shamba lililopumzishwa, mzungu aliliona kama pori tupu, kumbe lilikuwa na mwenyewe. Baadaye vijiji vilivutwa vikapangwa kando ya barabara, ili iwe rahisi kuhesabu watu, kutoza kodi na kusimamia mashamba ya kulazimishwa. Ukoo ukajenga kwenye udongo wa ukoo mwingine, na matongo yakabaki nyuma, porini.

La pili ni kudhoofishwa kwa mashahidi. Kwa Warega, wakubwa wa Bwami ndio waliokuwa na heshima ya kutuliza ugomvi. Mwaka 1948 serikali ya Ubelgiji iliipiga Bwami marufuku. Mila haikufa, lakini sauti ya wazee ilipunguzwa, na kapita mwenye karatasi ya Leta akawa na nguvu kuliko mzee mwenye kumbukumbu.

La tatu ni madini. Hapa Punia tunajua habari ya kasitera tangu wakati wa kampuni ya Symetain. Mwaka 1976 makampuni ya Kivu na Maniema yaliunganishwa yakawa Sominki, na tangu 1997 Sakima ikachukua mahali pake. Kazi ya kampuni ilipoanguka, watu wengi waliingia kuchimba kwa mikono. Kilima ambacho jana hakuna aliyekitaka, leo kina bei. Na kitu kikipata bei, ndugu wanaanza kuhesabiana. Hapa niseme neno la sheria: kurithi shamba si kurithi madini yaliyo chini yake. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema madini ni ya Leta, na haki ya udongo ni kitu kingine.

La nne ni vita: vya 1996 na 1997, vya 1998 mpaka 2003, na mapigano mengine yaliyofuata mpaka miaka hii, hapa kwetu na kwa majirani zetu wa Walikale na Shabunda. Wazee waliojua mipaka walikufa njiani. Vijana walikulia mbali. Aliyebaki akasema anavyotaka, maana hapakuwa na wa kumpinga.

4. Sheria ni nyingi, jibu ni moja

Mimi nimesoma sheria, na watu wananiuliza: "Tufuate sheria gani? Ya babu, ya dini, au ya Leta?" Ninawajibu: katika jambo hili la mtoto wa kwanza, zote zinakutana. Mila tumekwisha kuisikia. Tusikie nyingine.

Ndugu zetu Waislamu wako wengi katika Maniema tangu wakati wa Nyangwe na Kasongo, siku za Tippu Tip. Sheria yao ya mirathi imepangwa kwa hesabu. Watoto wanaume wanapata sawasawa, wa kwanza hana nyongeza. Msichana anapata nusu ya sehemu ya ndugu yake mwanaume, na mjane wa mwenye watoto anapata sehemu moja kwa nane. Hakuna mahali panaposema mkubwa achukue vyote.

Wakristo wengine wataniambia kwamba Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, inampa mzaliwa wa kwanza sehemu mbili. Ni kweli imeandikwa, kwa watu wa Israeli ya zamani. Lakini hata huko ni sehemu mbili, si zote. Wadogo nao wana fungu lao.

Sasa sheria ya Leta. Sheria ya jamaa ni ya tarehe 1 Agosti 1987, na ilirekebishwa mwaka 2016. Kama marehemu hakuacha neno la mwisho lililoandikwa, kanuni yake ya jumla ni hii: watoto wote wanapata robo tatu za urithi, wakigawana sawasawa, mwanaume na msichana, wa kwanza na wa mwisho. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, kama baba alimtambua alipokuwa hai, anahesabiwa pamoja nao. Robo inayobaki ni ya makundi matatu: mume au mke aliyebaki, baba na mama wa marehemu, na ndugu zake, wanaume na wanawake. Kila kundi linapata sehemu moja kwa kumi na mbili ya urithi wote.

Turudi kwa mzee wetu wa mfano. Tuseme aliacha mingazi 48 aliyoipanda kwa mikono yake, na wazazi wake na ndugu zake wako hai. Robo tatu ni mingazi 36. Watoto ni sita, kila mmoja anapata 6. Mjane anapata 4, wazazi wa mzee 4, ndugu zake 4. Jumla 48. Kila mmoja anajua miti yake.

Na mtoto wa kwanza je? Sheria hiyohiyo inamkumbuka. Inasema mkubwa wa warithi ndiye atakayesimamia kazi ya kugawanya, na akikataa, wenzake wanachagua mwingine. Mwaona? Leta imeandika kwenye karatasi neno lilelile la babu: mkubwa ni msimamizi. Anagawanya mbele ya wote, kisha anachukua fungu lake kama wengine.

Juu ya mjane, sheria inasema ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake na kutumia vyombo vyake. Ana haki pia juu ya nusu ya matumizi ya udongo unaoizunguka, ule ambao mume wake aliulima mwenyewe. Hapa nisiwafiche: sheria na mila hazikubaliani. Mila ya zamani haikuwapa wasichana udongo wa baba, kwa sababu walitazamiwa kulima kwa waume zao. Lakini leo kuna wasichana wangapi waliofiwa na waume vitani wakarudi nyumbani na watoto? Waende wapi? Wazee, mila iliyowekwa ili mtu asikose mahali pa kulima, tusiitumie kumfukuza mtu shambani.

Kuna jambo la mwisho katika sheria. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni wa Leta, na watu wana haki ya kuutumia. Sheria ile iliahidi kwamba ordonansi ya Rais itapanga haki za vijiji juu ya udongo wao, lakini miaka mingi ilipita bila ordonansi hiyo kutolewa. Hata hivyo, Katiba ya mwaka 2006, katika namba 34, inalinda mali ya mtu mmoja au ya wengi iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Kwa hiyo udongo wa ukoo si kitu cha bure. Na karatasi ambayo mtoto mmoja ametia sahihi peke yake, bila ndugu zake kujua, ni mbegu ya kesi. Wewe unayenunua, uliza kwanza: wengine wako wapi?

5. Neno kwa mgeni na kwa mwenyeji

Wengine kati yenu mmetoka milimani, mahali ambapo udongo ni mdogo na watu ni wengi. Huko mila ni nyingine. Kwa Bashi, kwa mfano, kuna kalinzi: mtu anamlipa mkubwa wa udongo, zamani mara nyingi kwa ng'ombe, anapata mahali ambapo watoto wake watarithi. Na kuna bwasa: mtu anapewa shamba la kulima kwa muda tu, na haruhusiwi kupanda miti ya kudumu, kwa sababu mti wa kudumu ni kama kusema "mimi nimekaa".

Hata hapa kwetu, mti ni ushahidi. Kwa hiyo, mgeni, ukipewa mahali pa kulima, uliza waziwazi: nimepewa kwa mavuno mangapi? Ninaweza kupanda mingazi au mihogo tu? Na wewe mwenyeji, jibu waziwazi, wala usingoje mgeni asafishe pori ndipo ukumbuke kwamba ni lako. Mgeni aliyepanda, avune. Watoto wake wasije kusema "baba alituachia", na watoto wako wasije kusema "walituibia".

Na ninyi mliokimbia, msifikiri kwamba kukimbia ni kutupa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliokimbia ndani ya nchi yao zinasema mali walizoziacha nyuma zilindwe. Mila nayo inasema hivyo: mtu aliyekimbia mkuki hakuukana ukoo wake.

6. Basi tufanye nini?

Kwanza, kaeni kama jamaa kabla ya kwenda kwa shefu. Mama awepo, wasichana wawepo, wajomba wawepo. Asiyeweza kufika atume mtu au barua. Msigawanye wakati mmoja bado yuko mbali, isipokuwa mmemwekea fungu lake mbele ya mashahidi.

Pili, tenganisheni mambo mawili: udongo wa ukoo, ambao hakuna mmoja wa kuuuza, na vitu vya baba mwenyewe, yaani nyumba, miti aliyoipanda, parsele yenye karatasi. Ugomvi mwingi unatoka katika kuchanganya hayo mawili.

Tatu, mheshimuni aliyebaki. Mtoto wa kwanza katika mfano wetu alimzika baba, alilinda mpaka, alilala porini. Hilo lina thamani. Gharama zake za mazishi zihesabiwe. Shamba alilolikata mwenyewe kwa jasho lake ni lake. Lakini kulinda si kununua. Na ikiwa ameuza, aseme mbele ya wote aliuza nini, kwa franga ngapi, na mnunuzi aitwe, ili itafutwe njia ya kurudisha au ya kulipana bila damu.

Nne, tembeeni kwenye mipaka pamoja, wazee na vijana na majirani, mkiutaja kila mti na kila kijito. Kisha andikeni. Karatasi moja ibaki kwa jamaa, moja kwa kapita, moja kwa shefu wa grupema, na majina ya mashahidi yawemo. Mzee akifa, karatasi itasema.

Tano, mkishindwa, kuna tribunali ya amani. Kesi za urithi na za udongo wa mila ni kazi yake. Ni mlango wa wazi, ingawa kesi inakula franga na siku, na ndugu wakitoka huko mara nyingi hawasalimiani tena. Ndiyo maana ninasema: anzeni barzani.

Nanyi makapita na mashefu, mnajua kwamba watu wanawatazama. Shefu anayepokea mbuzi wa upande mmoja amekwisha kuhukumu kabla ya kusikia. Msiweke mhuri kwenye karatasi ya kuuza kabla ya kuuliza: mmezaliwa wangapi, na wengine wako wapi?

Ndugu zangu, jamaa nyingi zitarudi kwao, leo au kesho. Wewe mkubwa uliyebaki kijijini, wadogo zako wakitokea barabarani na mizigo kichwani, usiwahesabu kama midomo inayokuja kula udongo wako. Ni mikono inayorudi. Waonyeshe mahali pa kukata, kama baba yenu alivyokuonyesha wewe. Hiyo ndiyo mila, na hiyo ndiyo sheria.

Kwa leo tukomee hapa. Wenye maswali, waandike au waje kutuona redioni. Mubaki na amani.